Pembetatu Ilitudanganya



Muhula uliopita sisi wa kidato cha tatu tulikusanya vyombo vya plastiki hapa shuleni, magunia manne. Tulitaka kuviuza tusaidie kuchapisha jarida hili. Tulichagua kila chenye ile pembetatu ya mishale chini yake, maana tuliambizana kwamba alama hiyo ni ahadi: kitayeyushwa, kitumike tena. Basi tukajitwika hadi kwa mnunuzi wa skrapu hapa Kitale. Lo! Mzee wa mizani alichukua chupa za maji na soda zenye nambari 1, akapima, akalipa. Vikopo vya maziwa lala, nambari 6, akavisukuma kando. "Hivi rudi navyo, mwanangu. Hakuna lori linalovichukua." Magunia mawili tukarudi nayo, watu wakitutazama.

Kumbe nambari ile, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1988, hutaja aina ya plastiki tu! Mwaka 2013 wenyewe waliiondoa mishale kwenye kanuni yao wakaacha pembetatu tupu, kwa kuwa watu walipotoka kama sisi. Lakini vyombo vyenye mishale bado tunavyo. Kuna atakayeniambia ati Nairobi kuna viwanda. Sawa, lakini Nairobi ni zaidi ya kilomita 350. Kama lori haliji Kitale, kikopo hicho kwetu ni takataka tu.

Sasa tazama upande wa pili. Baba yangu mdogo ni fundi wa jua kali Bungoma, huyeyusha alumini kuukuu akatengeneza sufuria. Tuseme ametia motoni kilo 9 za sufuria zilizotoboka na kilo 1 ya alumini mpya: asilimia 90 ni mali ya zamani. Vipande anavyokata mwenyewe na kuvirudisha motoni havihesabiwi. Kanuni ya kimataifa, ISO 14021, inakataa. Sufuria yake haina alama yoyote. Daftari langu nalo limeandikwa kwa Kiingereza kwamba limetokana na karatasi kuukuu. Sehemu ngapi kwa mia? Kimya!

Mimi naamini mizani kuliko alama. Kantini yetu iuze maziwa lala katika vyombo ambavyo yule mzee anavinunua, ama kila mtu aje na kikombe chake kutoka nyumbani. Yale magunia mawili bado yako nyuma ya maabara. Anayebisha aende akayaone.