Magazeti ya Kale ya Marekani Yasiuzwe Vipande Vipande

Waswahili walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Magazeti ya kale ni daftari la taifa la Marekani. Inasikitisha, basi, kwamba baadhi ya wanaodai kulienzi daftari hilo ndio wanaolichana.

Uadimu wa magazeti hayo ni dhahiri shahiri. Publick Occurrences, lililotolewa Boston na Benjamin Harris tarehe 25 Septemba 1690, lilipigwa marufuku baada ya toleo moja tu. Nakala pekee inayojulikana imo Uingereza. Mengine yalinusuriwa na watu wenye maono. Isaiah Thomas, mpiga chapa aliyeanzisha Massachusetts Spy mwaka 1770, aliyakusanya kwa bidii ya nyuki, na mwaka 1812 akaasisi American Antiquarian Society mjini Worcester ili yatunzwe pamoja.

Aidha, karatasi za enzi hiyo zilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, hivyo hudumu kuliko zile za mbao zilizoenea mwishoni mwa karne ya 19. Adui wa magazeti haya si wakati tu, bali pia biashara. Katika karne ya 20, maktaba nyingi ziliyapiga picha magazeti katika mikrofilamu, kisha zikayauza majalada. Wachuuzi huyakata majalada hayo na kuuza toleo mojamoja, hasa lenye habari za vita au uhuru.

Wapo watakaodai kuwa bila biashara hiyo mtu wa kawaida asingeweza kumiliki hata ukurasa mmoja. Hoja hiyo ina mashiko, lakini haitoshi. Gazeti la Pennsylvania Gazette la Benjamin Franklin lilichapa habari za siasa pamoja na matangazo ya kuuza watumwa na kuwasaka waliotoroka. Anayechagua toleo maarufu huliacha lile ambamo mtoro ametajwa kwa jina, umri na makovu yake. Huenda hayo ndiyo maandishi pekee yanayoshuhudia kuwa aliwahi kuishi.

Hivyo basi, mkusanyaji wa kweli hana budi kulinunua jalada likiwa zima, kulitunza likiwa zima na kulirithisha likiwa zima. Haba na haba hujaza kibaba. Toleo kwa toleo, kibaba hicho humwagika.