Kuchekesha Nako ni Kazi, Fundi

Kijiweni kwetu yupo fundi simu ambaye zamani alikuwa na banda la video. Enzi hizo, mkanda ukikwama kwenye deki, yeye ndiye aliyesimama mbele akausimulia mpaka mwisho, na hakuna aliyedai hela yake. Ndiyo maana hadi leo ikizuka hoja ya filamu, neno lake ndilo la mwisho. Ni mkubwa kwangu na shikamoo yake haipungui. Lakini kwenye filamu za kuchekesha, hasa zile ambazo baba, mama na watoto wanaweza kukaa pamoja wakatazama bila mtu kukohoa kwa aibu, Fundi ametulisha matango pori kwa miaka mingi. Hoja zake nazijua kwa moyo. Nazijibu hapa kwa maandishi, maana kwa mdomo hashindiki.

Anayoipenda kuliko zote ni hii: Home Alone ni vurugu tupu, mtoto mtukutu anawatesa wezi wawili, watu wanacheka, imeisha. Kisa hakuna, na watoto wanajifunza ukatili.

Fundi anakumbuka kipande cha mwisho tu. Filamu hiyo ya 1990, iliyoandikwa na John Hughes na kuongozwa na Chris Columbus, inakwenda zaidi ya saa nzima kabla wezi hawajaanza kuingia mitegoni. Muda wote huo inajibu swali gumu: mama mwenye akili zake anamsahau vipi mwanawe Kevin nyumbani, anapanda ndege kwenda Paris, na sisi tuliokaa tunatazama tusimchukie? Filamu zetu nyingi zingemaliza kazi hiyo kwa kumleta mama wa kambo. Hughes anaifanya kidogo kidogo. Jioni ya piza maziwa yanamwagika mezani, baba anafuta harakaharaka, na tiketi ya Kevin inatupwa pamoja na karatasi zilizolowa. Usiku upepo unakata umeme, saa za kuwaamsha zinazimika, asubuhi nyumba nzima inakurupuka. Watoto wanahesabiwa wakielekea kwenye magari, na mtoto wa jirani aliyekuja kupekua mizigo ya watu anahesabiwa badala ya Kevin. Idadi imetimia, twende. Mama akija kukumbuka, simu za mtaani kwake hazipatikani kwa sababu ya upepo uleule. Kila kimoja kinapita kama mzaha, na hakuna kilichowekwa bure.

Halafu Fundi anasahau ni nani anayemwokoa Kevin. Si mitego. Mwishoni wezi wanamkamata, wanamtundika mlangoni kama koti, wanaanza kuhesabu watakavyomlipiza. Anayewaangusha ni mzee Marley, jirani ambaye watoto wa mtaa wamemzushia kuwa ni muuaji, kwa beleshi lake la kuzolea theluji. Jioni ileile Kevin alikuwa amekaa naye kanisani. Mzee alikwenda kumsikiliza mjukuu wake akiimba kwaya, kwa kuwa yeye na mwanawe walikosana na hawasemeshani. Mtoto akamwambia ampigie simu mwanawe, yaishe. Hapo ndipo kilipo kisa: mtoto anayemwogopa mzee, na mzee anayemwogopa mwanawe wa kumzaa. Fundi alikuwa anapeleka mkanda mbele.

Kuhusu mapigo yenyewe, tazama ni nani anayepigwa. Mwaka uleule wa 1990 Joe Pesci alionekana katika Goodfellas akiua watu kwa hasira za kitu kidogo, kazi iliyompa tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Mtu yuleyule ndiye mwizi anayeunguzwa kichwa katika Home Alone. Hiyo si bahati. Mwizi asiyetisha hachekeshi akiteleza, kwa sababu hatukuwa na cha kuhofia tangu mwanzo. Na wanaoanguka chali kwenye ngazi zenye barafu ni watu wa kweli, wale wanaolipwa kuigiza ajali badala ya mwigizaji mwenyewe. Kuanguka kunakochekesha kunahesabiwa: ukichelewa kidogo watu wanaona maumivu, ukiwahi wanaona maigizo.

Hapo nimeshajibu nusu ya hoja yake ya pili, kwamba wachekeshaji ni waigizaji walioshindwa. Robin Williams naye alipata Oscar kwa Good Will Hunting, filamu ambayo hachekeshi sana. Na Fundi ni mtu wa Tanga. Sitaki kuamini kwamba alimtazama marehemu Amri Athumani, King Majuto, miaka yote ile hadi alipofariki Agosti 2018, akadhani ule ulikuwa uvivu. Majuto aliweza kukaa kimya, akamkodolea mtu macho, na ukumbi ukaanguka. Namwomba Fundi ajaribu kunyamaza hivyo mbele ya wateja wake aone.

Sasa Mrs. Doubtfire, ya 1993. Hukumu ya Fundi: nzuri, ila mwisho umeiharibu, kwani baba na mama hawarudiani. Yote yale ya kujivika wigi na matiti bandia, kufua, kupika, halafu bure?

Mimi nasema mwisho ndio ulioiokoa. Daniel, anayeigizwa na Williams, anaachwa na mkewe, mahakama inampa siku moja kwa wiki ya kuwaona wanawe, naye anajigeuza yaya wa kizee ili aingie nyumbani kwake mwenyewe. Filamu ingeweza kuwarudisha pamoja kwa busu na muziki, na si kwamba hakuna aliyewaza hilo. Williams na Sally Field, aliyeigiza mke, hawakutaka. Walijua watoto wa wazazi walioachana wangeitazama, kisha warudi nyumbani kusubiri kitu kisichokuja. Badala yake bibi Doubtfire anatokea kwenye televisheni akimjibu msichana mdogo ambaye wazazi wake wametengana, na baba anapata ruhusa ya kuwachukua wanawe bila kusimamiwa. Angalia pia mke hakufanywa shetani. Alichoka kuwa mtu mzima peke yake ndani ya nyumba, na filamu inampa haki yake. Ni vichekesho vichache vinavyothubutu hivyo hata leo.

Fundi akisisitiza warudiane, dawa yake ipo, tena anaipenda bila kujua undugu wake. Kamal Haasan alikichukua kisa hikihiki akatengeneza Avvai Shanmughi kwa Kitamil mwaka 1996, kisha Chachi 420 kwa Kihindi mwaka uliofuata. Humo mume na mke wanarudiana. Aitazame, alie, afurahi, atuachie Doubtfire yetu.

Hoja inayonikera kweli ni ya nne, kwa sababu Fundi ameishika kichwa chini miguu juu. Anasema Coming to America inatudharau Waafrika, wakati The Gods Must Be Crazy ni filamu yetu halisi, safi, ya kuwaonyesha watoto walivyoishi mababu.

Tuanze na Zamunda, nchi ya kubuni ya Coming to America. Ndiyo, tembo anapita bustanini kwa mfalme kama paka. Lakini kinachochekwa pale ni Afrika ya vichwani mwa watu wa Hollywood, iliyokuzwa hadi ikawa upuuzi. John Landis na Eddie Murphy, mwaka 1988, walichukua mwanamfalme wa Kiafrika, Akeem, mwenye mali, elimu na adabu, wakampeleka Queens, New York, na pale ndipo ushamba unapoanza: upande wa wenyeji. Mizigo yake inaibwa siku anayofika, na muda si mrefu mtaa mzima umevaa nguo zake. Mwenye mgahawa amenakili biashara ya McDonald's mpaka alama, kisha anaapa kwamba tao lake ni tofauti. Akeem anapiga deki kwenye mgahawa huo na bado ndiye mstaarabu kuliko wote. Kwenye kinyozi, Murphy mwenyewe ndiye kinyozi Clarence na ndiye yule mzee wa Kiyahudi anayebishana naye, kwa vipodozi vya Rick Baker. Wengi tulitazama mara kadhaa bila kumtambua. Lipo la kulaumu, tena si dogo: wanawake wa Zamunda ni mapambo, na yule bibi harusi anayeamriwa abweke kama mbwa akabweka, mimi sicheki. Fundi akilalamikia hilo nitasimama upande wake. Yeye analalamikia tembo.

The Gods Must Be Crazy, ya 1980, inachekesha, sikatai. Ile Land Rover iliyojivuta kwa winchi yake hadi ikaning'inia mtini ni kazi ya mtu anayejua anachofanya. Ila mtu huyo ni Jamie Uys, mzungu wa Afrika Kusini ya ubaguzi, na aliyetueleza kuhusu Wasani ni sauti ya msimulizi iliyojivika upole wa filamu ya wanyama: watu hawa hawajui mali, hawajui sheria wala polisi, wanaishi kwa raha mpaka chupa ya Coca-Cola inapodondoka kutoka kwenye ndege. N!xau, aliyeigiza Xi, yule Msani wa kwenye kisa, alitoka Namibia, nchi iliyokuwa chini ya utawala huohuo wa Afrika Kusini. Jamaa zake wa Tsumkwe walikuwa wamekusanywa kwenye makazi wakisubiri mgao wa unga, na vijana wao wakiandikishwa kwenye jeshi la makaburu. John Marshall, aliyekuwa akiwapiga picha tangu miaka ya 1950, aliyaonyesha hayo katika filamu yake kuhusu mwanamke aitwaye N!ai, ya mwaka uleule wa 1980, na ndani yake unaiona timu ya Uys ikiwa kazini. Inasemekana N!xau alilipwa dola mia chache tu kwa filamu ya kwanza, iliyokuja kukusanya mamilioni. Alifariki 2003.

Bado wapiganaji. Waasi katika filamu ile ni majuha wenye bunduki, wakiongozwa na Sam Boga, katika miaka ambayo wapigania uhuru wa Namibia, SWAPO, walikuwa vitani dhidi ya serikali ya Pretoria. Sisi Watanzania, ambao kwetu Dar es Salaam ndiko Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja wa nchi za Afrika, ilikokuwa na makao yake tangu 1963, tulilipa kiingilio tukawacheka. Fundi ndiye aliyekuwa mlangoni anapokea hela. Kwa hiyo kati ya filamu mbili hizi, moja ilituchora kwa utani ikatufanya wafalme, nyingine ilituchora kwa upole ikatufanya watoto. Ya pili ndiyo anayotaka tuwaonyeshe wajukuu kama historia.

Sehemu ya pili siku zote ni mbovu, anasema. Na Toy Story 2 je? Na Paddington 2? Kwa Home Alone 2 namwachia ushindi wake. Ni filamu ileile imehamishiwa New York.

Hoja nyingine ina ukweli ndani yake, hivyo nitaikata polepole. Fundi anadai kichekesho cha Kizungu hakitafsiriki, na kwamba mabandani watu walikuwa wanamcheka msimuliaji, si filamu. Kweli, msimuliaji kama Lufufu alipokuwa akishika maikrofoni Dar es Salaam, au DJ Afro kule Kenya, filamu ilikuwa yake. Wahusika walipata tabia za mtaani, majibizano yalipata viungo ambavyo mwandishi hakuviwaza. Na sauti zile nyingi anazobadilisha Robin Williams kwa pumzi moja, kwetu zilipotea nyingi. Lakini msimuliaji mzuri ana siri ambayo Fundi, aliyewahi kuifanya kazi hiyo, anaijua: anaongea kabla na baada. Mtu anapokaribia kuteleza, ananyamaza. Akiongea juu ya mwanguko, banda halicheki. Maana yake filamu ndiyo inayompimia muda. Na Mr. Bean? Rowan Atkinson, mtu aliyesomea uhandisi wa umeme hadi Oxford, alitengeneza mhusika asiyehitaji msimuliaji hata kidogo, na hakuna kijiji nilichofika ambako hajulikani. Charlie Chaplin alifanya hivyo kabla sinema haijapata sauti.

Chaplin ananipeleka kwenye hoja ya mwisho, ile ambayo Fundi huitoa akiwa ameshachoka kubishana: yule mtoto wa Home Alone alibahatika, kacheza tu akatajirika.

Mwaka 1921 Chaplin alitoa The Kid, akiwa na mtoto Jackie Coogan, na Coogan akawa mmoja wa watu maarufu kabisa wa sinema kabla hajabalehe. Alipofikia utu uzima akakuta fedha zake karibu zote zimeshatumiwa na mama yake na baba wa kambo. Akawashtaki, akaambulia sehemu ndogo. California ikatunga sheria mwaka 1939, na watu wakaiita kwa jina lake. Macaulay Culkin naye, miaka michache tu baada ya Home Alone, wazazi wake walikuwa mahakamani wakigombania malezi na yeye ameacha kuigiza akiwa na miaka 14. Kucheza tu ndiko huko? Kwa sheria ya California ilivyo sasa, asilimia 15 ya kipato cha mtoto mwigizaji lazima iende kwenye akaunti ambayo mzazi haigusi mpaka mtoto afikishe miaka 18.

Kwetu watoto wanachekesha kila siku kwenye klipu za simu, na tangazo la bidhaa limebandikwa juu ya vichwa vyao. Fundi, wewe ndiye unayeturushia klipu hizo kwenye kundi la WhatsApp kila asubuhi, na wazazi wa baadhi yao ni wateja wako. Siku mmoja akija kubadilisha kioo, muulize akaunti ya mtoto iko benki gani.