Ugumu wa muziki haupimwi kwa wingi wa nota

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Methali hii hunijia kila mara mwanafunzi wa piano anaponikabili na kitabu mkononi na kuuliza, "Mwalimu, utungo huu ni mgumu?" Aghalabu sisi walimu hujibu upesi upesi, ndiyo ama la, kana kwamba ugumu ni kitu kilichopigwa chapa juu ya karatasi. Maoni yangu ni kwamba jibu la namna hiyo hupotosha, na limewafanya vijana wenye vipawa kuiacha piano kabla ya kuijua.

Mimi mwenyewe niliponea chupuchupu. Nikiwa na umri wa miaka 16, nilivutiwa na ile sonata ya Ludwig van Beethoven ambayo walimwengu wameipa jina la Mwangaza wa Mwezi. Mwalimu wangu wa wakati huo aliutupia jicho ukurasa wa kwanza, akaona nota ni chache na mwendo ni wa pole, akaniambia ningeimudu kabla ya muhula kwisha. Muhula ulikwisha, na wa pili ukaja ukapita. Siku ya tamasha nilikwama katikati ya sehemu ya tatu mbele ya wazazi, nikainuka kitini, nisiiguse piano tena kwa miaka miwili. Kosa halikuwa la vidole vyangu. Hakuna aliyekuwa ameipima safari kabla ya kufunga virago.

Hebu tuutazame utungo wenyewe. Beethoven aliutunga mwaka 1801, ukachapishwa mwaka 1802. Jina la mwezi hakulitoa yeye. Lilitokana na maneno ya mhakiki Mjerumani, Ludwig Rellstab. Una sehemu tatu. Ya kwanza ndiyo inayojulikana na wengi, nayo huenda pole pole. Anayehesabu nota ataiona rahisi. Lakini mkono wa kulia umetwikwa kazi mbili kwa wakati mmoja. Vidole vya ndani hupiga nota tatu tatu bila kukoma, ilhali kidole cha mwisho, ambacho ni dhaifu, hakina budi kuiimbisha sauti ya juu isikike wazi, na yote hayo kwa ulaini mkubwa. Kupiga kwa nguvu si kazi. Kupiga kwa ulaini huku kila nota ikiitika ndiko kunakotoa jasho.

Sehemu ya tatu ni dunia nyingine kabisa. Nota hupanda kwa kasi kubwa kutoka chini hadi juu, wimbi baada ya wimbi, na kila wimbi huvunjika kileleni kwa mapigo mawili ya ghafla. Anayeiweza sehemu ya kwanza huenda akahitaji miaka kadhaa zaidi kabla ya kuithubutu hii. Je, basi, sonata hii ni rahisi au ni ngumu? Swali lenyewe limekosewa. Tunapaswa kuuliza: ni ngumu mahali gani, na kwa nani?

Wapo watakaosema kwamba vipimo tayari vipo. Ni kweli. Bodi ya mitihani iitwayo Associated Board of the Royal Schools of Music, iliyoasisiwa Uingereza mwaka 1889 na ambayo mitihani yake hufanywa hata hapa Kenya, ina madaraja manane. Sipingi manufaa yake. Hata hivyo, daraja humpima mwanafunzi wa wastani, na huyo hayupo darasani mwangu wala mwako. Utungo uliojaa nota zilizotengana umbali wa sauti nane humtesa mwenye kiganja kidogo, na mwenye kiganja kikubwa asijue mwenzake analia nini.

Isitoshe, kuna suala la ala yenyewe. Piano kamili ina vibao 88. Vinanda vingi vya umeme tunavyovikuta makanisani na shuleni vina 61, tena vyepesi. Anayejifunza sonata hii juu ya kinanda cha aina hiyo atazikosa sauti za chini kabisa tangu mwanzo mwanzo wa utungo, na vidole vyake havitauonja uzito wa piano hadi siku ya mtihani. Ugumu huo haumo kitabuni, lakini upo.

Ushauri wangu kwa walimu wenzangu ni huu. Kabla mwanafunzi hajaanza, keti naye muusome utungo wote kwa macho, toka nota ya kwanza hadi ya mwisho. Mwachie yeye kalamu ya risasi, atie alama mahali anapopahofia. Kisha achukue mstari ulio mgumu kupita yote na kuufanyia mazoezi kwa juma moja, pole pole, kila mkono peke yake. Juma likiisha na mstari umeanza kulegea, utungo huo u karibu naye. Ukiwa bado ni jiwe lile lile, uwekwe kando bila aibu, na utafutwe mwingine utakaomjengea ujuzi anaoukosa.

Nanyi wanafunzi, acheni mazoea ya kuanzia mwanzo kila siku. Anayefanya hivyo huujua ukurasa wa kwanza kama jina lake, na wa mwisho akaukuta mgeni. Anzeni penye miiba. Gaweni utungo vipande vidogo, na msiongeze kasi kabla kipande hakijapita mara kadhaa bila kosa, kwa maana vidole hukariri makosa kama vinavyokariri usahihi. Wala msiseme hamna muda. Alan Rusbridger, aliyekuwa mhariri wa gazeti la The Guardian la Uingereza, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2013 jinsi alivyojifunza Balada ya kwanza ya Frédéric Chopin, utungo unaoogopwa hata na mabingwa, kwa kujitengea kama dakika 20 kwa siku katikati ya shughuli za gazeti. Alikuwa amejipa mwaka mmoja. Mwaka haukutosha, lakini hakuacha, na mwishowe aliupiga mbele ya watu.

Najua wapo walimu wanaoshikilia kwamba kumpa mwanafunzi utungo unaomzidi ndiko kumkuza. Nakubaliana nao nusu. Mti haukui bila kunyoosha matawi, na mwanafunzi asiyepewa changamoto hudumaa. Lakini kuna tofauti kati ya kumpandisha kijana mlima ulioupima, ukijua maji yako wapi na mapumziko yako wapi, na kumwacha gizani apapase njia. Mara nyingi tunamchagulia utungo mkubwa kwa sababu jina lake litapendeza katika orodha ya tamasha. Hapo tunajikuza sisi, na gharama analipa mtoto.

Nilirudi kwenye sonata ile baada ya ile miaka miwili, safari hii nikianzia penye miiba. Ilinichukua muda mrefu kuliko muhula alioutaja mwalimu wangu, wala sikuona uchungu, kwa kuwa nilijua tangu siku ya kwanza nilikuwa nikielekea wapi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini kabla hajainama, na achungulie kwanza ajue mvungu wenyewe una kina gani.