Shimo la Mboji Si Jalala

Katika nyumba nyingi, na hata shuleni, kuna shimo moja tu la taka. Humo hutupwa maganda ya ndizi, chupa zilizovunjika, betri za tochi, mifuko ya plastiki na nepi za watoto. Mvua zikikaribia, uchafu huo huchimbwa na kupelekwa kwenye bustani ya mchicha, eti ni mbolea. Sisi wauguzi tunasema wazi: hiyo si mboji, na wa kwanza kudhurika ni mtoto anayetumwa kuichimba akiwa pekupeku.

Mboji ni chakula cha udongo. Kama vile si kila kitu hutiwa chunguni, ndivyo si kila taka hutiwa shimoni.

Vinavyofaa ni maganda ya matunda na viazi, mabaki ya mboga, majani ya chai, maganda ya mayai yaliyopondwa, mabua yaliyokatwakatwa, majani makavu, karatasi zisizong'aa, na samadi ya ng'ombe, mbuzi na kuku. Majivu ya kuni yawe kidogo tu. Pangeni vikavu, kisha vibichi, kisha samadi na udongo kidogo. Unyevu uwe kama wa kitambaa kilichokamuliwa. Geuzeni kila baada ya wiki 2 au 3. Baada ya miezi 3 hivi, mboji huwa nyeusi, laini, na hainuki uvundo.

Visivyofaa ni hivi:

1. Kinyesi cha binadamu, mbwa na paka, pamoja na nepi. Mayai ya minyoo huweza kuishi udongoni kwa miaka, na lundo la nyumbani mara nyingi halipati joto la kutosha kuyaua. Hurudi mezani pamoja na mboga zisizooshwa vizuri.

2. Nyama, mifupa, samaki na vyakula vya mafuta. Huvuta panya na inzi, na inzi huyo huyo hutua kwenye uji wa mtoto na kumletea kuhara.

3. Vioo, makopo, nyembe na sindano. Kidonda kikiingia udongo au samadi, pepopunda iko karibu.

4. Betri, dawa zilizopitwa na muda na chupa za dawa za mimea. Sumu haiozi. Dawa na sindano zipelekwe zahanati. Sindano ziwe ndani ya chombo kigumu chenye kifuniko.

5. Plastiki, pamoja na taulo za kike za dukani, ambazo nyingi zina plastiki ndani. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa na vifungashio vingine bado tunavyo. Msivichome jikoni wala uani, moshi wake unadhuru mapafu. Kwa taulo, kila choo cha wasichana kiwe na ndoo yenye kifuniko, na shule iwe na shimo lake lililofunikwa.

Wako wanaosema kwamba kuchambua taka ni kazi ya watu wenye nafasi. Hatukubali. Yahitajika ndoo mbili tu mlangoni mwa jiko: moja ya vinavyooza, nyingine ya visivyooza. Kuchambua taka ikiwa bado mkononi ni rahisi kuliko kuitafuta matopeni.

Kwa shule tunaongeza neno. Kazi ya lundo isifanywe adhabu. Mtoto anayeadhibiwa hutupa humo chochote ili amalize upesi. Iwe somo la darasa zima, mwalimu akiwapo, watoto wakiwa na viatu, na baadaye wanawe kwa sabuni. Mtoto akijikata, kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni, naye apelekwe zahanati siku hiyo hiyo ili chanjo yake ya pepopunda iangaliwe.

Wazazi, kabla ya mkutano ujao wa shule, nendeni mkalitazame shimo hilo kwa macho yenu, kisha mlitazame na la nyumbani. Mkiona humo kitu ambacho msingependa mtoto wenu akikanyage, kitoeni kabla hakijafika kwenye tuta la mchicha.