Mkifunga Nyumba Kwenda Unguja, Samaki Mnamwachia Nani?

Skuli zikishafungwa, nyumba nyingi za Maskati huwa katika pilika moja: mabegi, zawadi za watu wa nyumbani, tiketi za Unguja. Siku ya safari baba hupita chumba kwa chumba kuzima viyoyozi. Sebuleni hubaki tangi la samaki, na mtoto huambiwa, "Usiwe na wasiwasi, tumewatilia chakula."

Jamani, chakula si tatizo. Samaki mzima aliyeshiba hukaa siku kadhaa bila ya kula. Kinachomuua ni joto. Nyumba iliyofungwa madirisha mwezi wa Julai, nje digrii 40 na zaidi, haichukui muda maji ya tangi yakapanda kupita anachoweza kustahamili.

Samaki hana joto lake mwenyewe, mwili wake hufuata maji. Hawa wa rangi rangi wa nchi za joto, kina gapi na neoni, wengi wao hustarehe kati ya digrii 24 na 27. Maji yakipanda huhitaji hewa zaidi, na maji ya moto ndiyo yanayobeba hewa chache. Lita ya maji ya digrii 20 huweza kushika kiasi cha miligramu 9 za oksijeni. Yakifika 30, ni kama saba na nusu tu. Ndipo utamwona juu, mdomo nje, anatweta. Na watu hudhani ana njaa! Wakamwongezea chakula, kikaoza, kikamaliza hata ile hewa kidogo iliyobaki.

Samaki wa dhahabu ndiyo taabu zaidi, maana yeye ni wa maji ya baridi, digrii 18 hadi 22. Huku kwetu ndiye anayenunuliwa watoto kwanza, na muuzaji wala hakuulizi kama kiyoyozi chako huwaka mchana.

Badala yake utauziwa hita. Hita huongeza joto, haipunguzi. Ina kazi yake Januari, na kwa wale wanaolala na kiyoyozi cha digrii 18 kisha asubuhi wakakizima. Kiangazi tunachohitaji ni feni ndogo ipulize juu ya maji, kifuniko kiwe wazi. Maji yakigeuka mvuke hupoa digrii mbili tatu. Nizwa kwenye hewa kavu husaidia sana. Maskati siku za unyevu, kidogo.

Na tahadhari na bomba. Tangi la juu ya paa likishapigwa jua, maji ya "baridi" hutoka ya kuunguza, ndiyo maana wengine huzima hita ya bafuni wakaoga maji yake. Ukiyamimina hayo kwa samaki umemchemsha. Yajaze kwenye ndoo, tia dawa ya kuondoa klorini, yaache chumba cha baridi mpaka yalingane na ya tangi.

Wapo watakaosema, samaki wa riali moja tu huyu, tukirudi tutanunua wengine. Mimi sikubaliani nao. Mtoto aliyempa yule samaki jina hajui habari za riali, na sisi ndio tuliomfungia kiumbe ndani ya vioo ambamo hawezi kukimbilia kivulini. Kuacha kiyoyozi cha chumba kimoja kwenye digrii 27, mapazia yamefungwa, kuna gharama, sawa. Asiyeiweza ampeleke samaki kwa shangazi au jirani wiki moja kabla ya safari. Asiyekuwa na hili wala lile, tangi asilinunue.

Na huyo atakayeachiwa ufunguo, mwonyesheni kipimajoto kilipo na swichi ya feni. Chakula mpimieni mapema kwenye vikaratasi, cha kila siku na chake, maana wageni wa samaki wote huwa na mkono mzito.