Mimba Ukiwa na Miaka 40

Kliniki tunaulizwa: "Sista, nina miaka 40 na nina mimba. Nipime hali ya Down?"

Kwa mama wa miaka 25, mtoto 1 kati ya 1,200 hivi huwa na hali hiyo. Kwa mama wa miaka 40, ni 1 kati ya 100 hivi. Si laana wala kosa la mama. Mara nyingi ni kromosomu ya 21 iliyozidi, zikawa 47 badala ya 46.

Kipimo cha damu na ultrasaundi, wiki ya 11 hadi 14, huonyesha uwezekano tu. Jibu la hakika huweza kupatikana kwa kuchota maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15, na hapo ipo hatari ndogo ya mimba kuharibika. Basi kwanza kaa na baba watoto, mwombe, mjiulize: majibu tutayafanyia nini?

Wengine hupima ili wajiandae. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, hivyo ni heri kujifungulia hospitali yenye daktari wa watoto. Asiyepima, tusimhukumu. Naye mtoto apewe jina, anyonyeshwe, aletwe kanisani kama wenzake.