Sheria ya Kelele Isiwe ya Bodaboda Peke Yao

Mji wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2012, unakua pamoja na barabara zake. Lami imeleta neema. Lakini pamoja na neema hiyo, kama ilivyo katika miji yetu mingine, zimekuja pikipiki zilizotobolewa mabomba ya moshi, honi za mabasi alfajiri na vipaza sauti vya magari ya matangazo.

Tatizo hili halikutokana na upungufu wa sheria. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inawapa polisi uwezo wa kuzuia chombo kisichofaa kutembea barabarani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilizaa kanuni za mwaka 2015 zinazoweka viwango vya kelele na mitetemo. Nazo halmashauri, tangu sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982, zina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Mikono ni mitatu, lakini kila mmoja unaungoja mwingine uanze.

Ndugu zetu wa Visiwani wasidhani kuwa habari hii ni ya Bara peke yake. Mazingira si jambo la Muungano, na Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2015. Lakini pikipiki inayonguruma katika vichochoro vya Mji Mkongwe humwamsha mgonjwa sawasawa na ile ya Bariadi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi za Ulaya kwamba kelele za magari usiku zisizidi wastani wa desibeli 45, kwa kuwa kukosa usingizi ni madhara ya afya, wala si usumbufu mdogo tu.

Hata hivyo, hatuungi mkono msako wa kuwakamata vijana ovyo. Kijana wa bodaboda anatafuta riziki halali. Askari asiye na kipimo cha sauti hupima kwa sikio lake, na penye kupima kwa sikio hapakosi uonevu na rushwa. Vipimo vinunuliwe kwanza. Fundi anayetoboa bomba aulizwe pamoja na mwenye pikipiki. Kijana apewe muda wa kurudisha sailensa kabla ya kutozwa faini.

Tena tujikosoe. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwaonya viongozi dhidi ya majivuno na dharau kwa wananchi. King'ora kinacholia bila dharura, na gari la matangazo ya Chama au Serikali linalopita kando ya hospitali likipaza sauti, ni dharau ya namna hiyo hiyo.

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Tukianza na magari yetu wenyewe, hakuna dereva wa bodaboda atakayekuwa na haki ya kutuuliza kwa nini tunamnyamazisha yeye.